Masinde Muliro Si Mzaha

Kuna majina yaliyodhulumiwa baada ya wenyewe kufa, na jina la Muliro ni mojawapo. Mtajie kijana wa leo, awe wa Nairobi, wa Kisumu au wa hapa petu Mombasa, bustani ya Muliro Gardens, utamwona atabasamu kwanza kabla ya kukujibu, na akiwa mbele ya mamake atainamisha uso. Sababu yajulikana. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 zilitapakaa nchini picha za watu waliokosa haya, zikasemwa kuwa zimepigwa katika bustani hiyo ya mji wa Kakamega, na tangu siku hizo jina la bustani likawa fumbo la mambo yasiyotajwa mbele ya wakubwa. Wachekeshaji wakalichukua, na magari ya abiria yakalisambaza. Aliyeumia ni mwenye jina, naye hana kinywa cha kujitetea, kwani alifariki mwaka 1992.

Nilipopata safari ya kwenda huko magharibi nilifikia kwa jamaa mmoja katika mtaa wa Amalemba, mjini Kakamega. Watu wa huko ni wakarimu kwelikweli. Mgeni ni lazima achinjiwe kuku, na mwenyeji wangu, ambaye si Muislamu, alituma mtoto kwenda kumwita jirani Muislamu aje amchinje yule kuku ili mimi nile bila wasiwasi. Wala hapakuwa na maelezo marefu. Ilikuwa ni kawaida yao, kwa maana Waislamu katika nchi ile si wageni wa jana. Misafara ya biashara kutoka pwani ilikuwa ikifika Mumias, kwa Nabongo, tangu karne ya kumi na tisa, na mbegu ya dini iliyoachwa na wale wafanya biashara haijakauka hata leo.

Kesho yake asubuhi, kabla ya mvua (Kakamega mvua hupenda kuja alasiri, na ikija haibishi hodi) nikatoka Amalemba kwa miguu kwenda mjini kuiona bustani yenyewe. Nilichokiona hakikufanana na mzaha hata kidogo. Niliona miti ya kivuli, majani, na watu waliochoka. Mzee mmoja alikuwa amelaza kofia usoni akipata usingizi. Wanawake wawili waliotoka sokoni walikuwa wameweka mizigo yao chini wakihesabu pesa. Wanafunzi walikuwa na vitabu vyao. Mpiga picha alizunguka akitafuta riziki. Niliwauliza wanafunzi wale Muliro alikuwa nani. Mmoja alijua kuwa ni mwana siasa wa zamani. Mwingine alijua kuwa ndiye aliyepewa chuo kikuu cha hapo mjini, Masinde Muliro University of Science and Technology, na akaona hilo latosha. Wa tatu alicheka tu.

Hapo ndipo niliposhikwa na hamu ya kuandika makala haya. Sisi watu wa Mombasa tunayo sanamu ya askari wa shaba katika barabara ya Jomo Kenyatta, wale wapiganaji na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, ambao ukumbusho wao uliandikwa kwa Kiarabu, Kiswahili na Kiingereza. Twapita mbele yake kila siku bila kuitazama, lakini angalau aliyetaka kujua aweza kusoma. Huyu wa Kakamega alipigana vita vya namna nyingine. Hakushika bunduki, wala hakwenda msituni. Silaha yake ilikuwa ni kukataa, na aliitumia zaidi ya mara moja katika maisha yake, na kila mara kwa hasara yake mwenyewe.

Henry Pius Masinde Muliro alizaliwa mwaka 1922 katika kijiji cha Matili, sehemu ya Kimilili, ambayo leo iko katika kaunti ya Bungoma. Kwa hiyo, msomaji, usidhani kuwa alikuwa mtu wa Kakamega kwa kuzaliwa. Alikuwa Mluhya wa kabila la Wabukusu, chini ya mlima Elgon. Wazazi wake walifariki angali mdogo, akalelewa na kakake mkubwa. Alisoma katika skuli za wamisheni wa Kikatoliki, kwanza kwao, kisha Yala katika Nyanza, kisha Tororo ng'ambo ya mpaka wa Uganda. Ilikuwa kawaida siku zile mtoto wa magharibi akitaka elimu ya juu kutazama Uganda kabla ya Nairobi.

Mwaka 1949 alikwenda Afrika Kusini kusoma katika chuo kikuu cha Cape Town. Hebu zingatia mwaka huo. Chama cha Makaburu kilikuwa kimeshika serikali mwaka mmoja tu kabla, 1948, na kilikuwa kikiitunga sheria moja baada ya nyingine ya kuwatenga watu kwa rangi zao. Chuo cha Cape Town kilikuwa bado kikipokea wanafunzi wachache weusi, kwani mlango huo haukufungwa kwa sheria mpaka mwaka 1959. Kijana kutoka Kimilili akaishi pale miaka kadha akisoma historia, falsafa na ualimu, katika mji ule wenye misikiti ya Waislamu wa asili ya Malay, akishuhudia kwa macho yake jinsi serikali inavyoweza kumfanya mtu kuwa mgeni katika nchi yake. Alirudi Kenya mwaka 1954 na shahada, na mke aliyemwoa huko huko Afrika Kusini.

Kenya aliyoirudia ilikuwa katika Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwaka 1952. Vyama vya siasa vya Waafrika vilikuwa vimepigwa marufuku, na Kenyatta na wenzake wako kifungoni. Muliro akafanya ualimu, mwisho katika chuo cha walimu cha Siriba, Maseno. Angeweza kukaa hapo. Mshahara wa mwalimu mwenye shahada siku hizo ulikuwa wa kutamanika, na Waafrika wenye shahada walikuwa wachache mno.

Uchaguzi wa kwanza wa Waafrika kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, ambalo wengi waliliita Legco, ulifanywa mwezi wa Machi, 1957. Haukuwa uchaguzi wa kila mtu. Mpiga kura alipimwa kwa elimu yake, mali yake, umri wake na utumishi wake, na aliyetimiza masharti mengi aliweza kupewa hadi kura tatu peke yake. Katika sehemu ya Nyanza Kaskazini Muliro alisimama dhidi ya W. W. Awori, ambaye alikuwa tayari ni mjumbe na mtu mwenye jina kubwa, akamshinda. Waliochaguliwa nchi nzima walikuwa wanane. Wataje uone jinsi historia yetu ilivyoanza katika kikapu kidogo: Tom Mboya wa Nairobi, Oginga Odinga wa Nyanza ya Kati, Lawrence Oguda wa Nyanza Kusini, Daniel arap Moi wa Bonde la Ufa, Bernard Mate wa sehemu ya Kati, James Muimi wa Ukambani, Ronald Ngala wa Pwani, na Masinde Muliro.

Wanane hao walikataa vyeo vya uwaziri walivyopewa na serikali ya kikoloni, wakadai viti zaidi, na mwaka uliofuata Waafrika wakawa na wajumbe kumi na wanne. Huo ndio umoja wao uliokuwa mtamu. Haukudumu. Mwaka 1959 Muliro akaongoza chama cha Kenya National Party, ambacho mwanzoni kilifungua mlango kwa Wahindi na Waarabu pia, ilhali Mboya na Odinga wakaunda kundi lao lililokuwa la Waafrika peke yao. Mimi huona kwamba katika jambo hilo Muliro aliona mbali kuliko wenzake, ijapokuwa siku zile hakupata shukrani. Alikuwa ametoka Cape Town, akijua siasa ya rangi huishia wapi, hata ikiwa imeanzwa na wenye kuonewa.

Hapa ndipo maisha ya Muliro yanapokutana na maisha yetu sisi watu wa mwambao, na wengi wetu hatukumbuki.

Mwezi wa Mei, 1960, kiliundwa chama cha KANU. Mwezi uliofuata, huko Ngong, makabila madogo yaliyoogopa kumezwa yakaunganisha vyama vyao kuwa KADU. Walikuwapo Wamasai, Wakalenjin, Wasomali, watu wa Ngala kutoka Pwani, na watu wa Muliro kutoka magharibi. Ngala akawa rais wa chama, na Muliro akawa makamu wake. Mtu wa Kaloleni na mtu wa Kimilili, mmoja karibu na Bahari ya Hindi na mwingine chini ya mlima Elgon, wakashikana mikono juu ya neno moja: kwamba uhuru usiwe ni kumwondoa bwana mmoja Nairobi na kumweka mwingine pale pale mwenye nguvu zile zile.

Uchaguzi wa 1961 ulipofanywa KANU walipata viti 19 na KADU 11. Lakini KANU wakakataa kuunda serikali mpaka Kenyatta afunguliwe, nao KADU wakakubali kuunda, wakisaidiwa na wajumbe wengine. Ngala akawa kiongozi wa shughuli za serikali, na Muliro akawa waziri wa biashara na viwanda. Kwa tendo hilo KADU walitukanwa sana. Waliitwa vibaraka wa wazungu. Sitaki kuwatetea kwa kila jambo, kwa kuwa ni kweli walowezi wengi walikipenda chama hicho kwa sababu zao wenyewe. Ila ni haki kukumbuka pia kwamba ni wakati wa serikali hiyo ya KADU ndipo Kenyatta alipojengewa nyumba Gatundu na kurudishwa kwao, mwezi wa Agosti, 1961.

Kisha likaja suala la majimbo. Msomaji wa umri wangu atakumbuka jinsi neno hilo lilivyokuwa likisemwa mabarazani, wengine kwa matumaini na wengine kwa hofu. Mwambao wenyewe ulikuwa na mashauri mbalimbali. Wapo waliotaka ule ukanda wa maili kumi ubaki chini ya Sultani wa Unguja, wapo waliotaka ujitawale peke yake, na wapo waliotaka uingie Kenya moja kwa moja. Majimbo ya KADU yalikuja kama njia ya katikati: Pwani iwe ndani ya Kenya, lakini iwe na baraza lake, na sauti yake juu ya ardhi, polisi na skuli. Katika mkutano wa Lancaster House, London, mwaka 1962, KADU walishikilia jambo hilo mpaka likaandikwa katika katiba. Kenya ikagawanywa majimbo saba, mbali na Nairobi. Mombasa ikawa makao ya jimbo la Pwani, na Kakamega ikawa makao ya jimbo la Magharibi. Mji ule uliokuwa umejaa wazungu wa kuchimba dhahabu mwanzoni mwa miaka ya 1930, kisha ukapoa, ukapata heshima mpya kwa kalamu ya akina Muliro. Anayeuliza kwa nini mtu wa Kimilili apewe bustani Kakamega, jibu lake moja ni hilo.

Ingawa hivyo majimbo yalimuuma Muliro mwenyewe. Ukikubali kugawa nchi kwa mipaka ni lazima uulize mpaka upite wapi. Yeye na watu wake walitaka Kitale na sehemu ya Trans Nzoia zihesabiwe katika jimbo la Magharibi, kwani Wabukusu walikuwa wengi kule, wakifanya kazi katika mashamba ya wazungu. Wakalenjin, ambao walikuwa ndugu zake katika chama kimoja, walitaka iwe yao. Ugomvi ulikuwa mkali, na Trans Nzoia ikaangukia Bonde la Ufa. KADU walikuwa wakiwaogopa watu wa nje, kumbe ndani ya nyumba yao wenyewe mlikuwa na kisa cha ua na shamba. Muliro hata hivyo alihamia huko huko Trans Nzoia, akalima, na kwa miaka mingi siasa yake ikawa ya huko.

KANU walishinda uchaguzi wa 1963. Uhuru ukapatikana tarehe 12 Desemba mwaka huo. Kabla ya hapo, mwezi wa Oktoba, Kenyatta na waziri mkuu wa Unguja, Muhammad Shamte, walikwisha kupatana juu ya mwambao, na katika mapatano hayo mahakama za kadhi zikahifadhiwa. Serikali mpya haikuyapenda majimbo tangu mwanzo, ikayanyima pesa, na mwezi wa Novemba, 1964, KADU kikavunjwa na wajumbe wake wakaingia KANU. Kwa kitu kilichopiganiwa kwa miaka minne, kilizikwa haraka mno. Ngala akawa waziri katika serikali ya Kenyatta, akafariki mwezi wa Desemba, 1972, baada ya ajali ya gari katika barabara ya kuelekea Mombasa.

Muliro alibaki. Baada ya uchaguzi wa 1974 alifanywa waziri wa ujenzi. Basi tazama alichokifanya na kiti hicho.

Mwezi wa Machi, 1975, Josiah Mwangi Kariuki, mjumbe wa Nyandarua Kaskazini, mtu aliyependwa na maskini, alipotea mjini Nairobi, na maiti yake ikapatikana katika vilima vya Ngong. Nchi ilitetemeka. Bunge likaunda kamati ya uchunguzi chini ya Elijah Mwangale, na ripoti yake ilipoletwa mwezi wa Juni ilinyoosha kidole kwa watu wakubwa katika serikali na polisi. Serikali haikutaka bunge liikubali ripoti hiyo. Desturi ya serikali ni kwamba waziri hawezi kupiga kura dhidi ya serikali aliyomo. Kila waziri alijua hivyo, na kila mmoja alijua gari lake, nyumba yake na walinzi wake viko juu ya mkono wake siku ile. Muliro alinyanyua mkono akaunga mkono ripoti. Mawaziri wadogo wawili, John Keen na Peter Kibisu, wakafanya kama yeye. Serikali ilishindwa katika kura ile, na jioni ile ile wote watatu wakafukuzwa kazi na Rais Kenyatta.

J. M. Kariuki hakuwa mtu wa kabila la Muliro, wala hakuwa amekuwa naye katika KADU. Alikuwa mtu wa upande wa pili tangu zamani, mfungwa wa kambi za Mau Mau, na karani wa Kenyatta baadaye. Hapakuwa na kura hata moja ya Kitale ambayo ingepatikana kwa kumtetea. Hilo ndilo linalonifanya nimheshimu. Tumezoea kuona mwana siasa akifukuzwa kwa ajili ya watu wake. Huyu alifukuzwa kwa ajili ya maiti ya mtu mwingine. Nimewahi kusikia wazee wa Kakamega wakisimulia habari hiyo kwa sauti ya chini hata sasa, kama kwamba kuta zingali zina masikio.

Miaka iliyofuata sitaikalia sana. Kiti cha bunge kilimtoka mkononi na kumrudia. Kenya ikafanywa nchi ya chama kimoja kwa sheria mwaka 1982, na mwaka 1988 ukaja uchaguzi wa mlolongo, ambapo wapiga kura walipangwa foleni nyuma ya mgombea, na mara nyingi foleni fupi ikatangazwa kuwa ndefu. Wengi wa rika lake walinyamaza, wakangoja uzee.

Mwezi wa Agosti, 1991, wazee sita wakatangaza kuwa wameunda kundi la kudai demokrasi, wakaliita FORD. Walikuwa sita kwa hesabu, si kwa bahati. Sheria ya vyama ilitaka kundi la watu kumi au zaidi liandikishwe, na serikali isingeliandikisha. Kwa hiyo wakabaki chini ya idadi hiyo, na nchi nzima ikajua kuwa nyuma ya sita wapo malaki. Wenyewe walikuwa Oginga Odinga, Masinde Muliro, Martin Shikuku, George Nthenge, Philip Gachoka, na Ahmed Salim Bamahriz wa Mombasa. Narudia jina hilo la mwisho, kwa sababu hapa kwetu wapo watoto wasiojua kwamba katika watu sita waliomkabili Rais Moi wakati ule mmoja alikuwa Muislamu wa Mombasa. Kama ilivyokuwa mwaka 1960, Muliro akajikuta tena bega kwa bega na mtu wa Pwani. Alikuwa na miaka 69.

Wakaitisha mkutano wa hadhara katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, tarehe 16 Novemba, 1991. Serikali ikaupiga marufuku. Polisi walizagaa, moshi wa kutoa machozi ukatanda, na viongozi wa FORD wakakamatwa na kupelekwa mahakamani. Lakini mambo yalikuwa yamekwisha kugeuka. Mwezi huo huo nchi zilizokuwa zikiisaidia Kenya kwa fedha zilikutana Paris, zikasimamisha misaada mipya kwa miezi sita, na mwezi wa Desemba kifungu cha 2A cha katiba, kilichoifanya KANU kuwa chama pekee, kikafutwa. FORD ikaandikishwa kuwa chama halali.

Nani basi awe mgombea urais? Odinga alikuwa mzee wa wote na mwenye haki ya kutangulia. Kenneth Matiba alikuwa ametoka kizuizini akiwa mgonjwa, na ana wafuasi wengi. Muliro naye hakuficha kwamba anakitaka kiti. Watu humsifu leo kama kwamba alikuwa hana tamaa. Sivyo, alikuwa nayo kama mwanadamu yeyote. Tofauti yake ni kwamba pande zote mbili ziliweza kuketi naye. Hakuwa Mjaluo, hakuwa Mkikuyu, alikuwa amewahi kufukuzwa na Kenyatta na kupingana na Moi, na hakuna aliyeweza kumnyoshea kidole kuwa amekula mali ya umma. Wakati ule nilikuwa nikifuatilia habari hizo katika redio kila jioni baada ya sala ya isha, na katika kila mkutano wa kupatanisha jina la Muliro lilitajwa.

Mwaka huo wa 1992 hapa Mombasa tulikuwa na msiba wetu wenyewe. Chama cha Kiislamu cha IPK kilikuwa kimekataliwa kuandikishwa, vijana wakapambana na polisi barabarani, na watu wakakamatwa. Tumaini la wengi lilikuwa katika FORD, kwamba likishinda pamoja mlango utafunguka kwa wote.

Tarehe 14 Agosti, 1992, Muliro alirudi kutoka London, alikokuwa amekwenda kwa shughuli za chama. Ndege ilitua asubuhi Nairobi. Akiwa bado uwanjani, kabla hajafika mjini, alianguka akafa. Alikuwa ametimiza miaka 70 mwezi mmoja na nusu uliopita. Maneno mengi yalisemwa juu ya kifo hicho na yangali yakisemwa, nami siyaongezi, kwani kumtaja mtu kwa damu bila ushahidi ni dhambi. Alizikwa shambani kwake katika Trans Nzoia, ile ile aliyoipigania na kuikosa katika ramani ya majimbo. Kwa hiyo mwenye kutafuta kaburi lake hatalipata katika bustani ya Kakamega. Pale limebaki jina, kama lilivyobaki katika lango la chuo kikuu.

Majimbo aliyoyazika mwaka 1964 yamefufuka kwa sura nyingine. Katiba ya 2010 ilianzisha kaunti 47, na tangu mwaka 2013 Kakamega ina gavana wake na Mombasa ina wake. Si majimbo ya KADU, kwa kuwa polisi bado ni wa Nairobi na ardhi kwa sehemu kubwa vile vile, lakini bajeti ya dawa na ya barabara ndogo za mtaa kama Amalemba sasa hujadiliwa pale pale mjini, katika baraza lililoko Kakamega.

FORD haikumaliza miezi mitatu baada ya mazishi yake. Odinga na wenziwe wakachukua FORD-Kenya, Matiba na Shikuku wakachukua FORD-Asili. Uchaguzi ukafanywa tarehe 29 Desemba, 1992. Moi alipata kama asilimia 36 ya kura. Matiba alipata 26, Mwai Kibaki 19, na Odinga 17.